Yasiyoingia Sura ya Tatu

Sura ya tatu yataka mbinu na vipimo, navyo ninavyo:
vitalu arobaini na nane, mita mbili kwa mbili,
mbegu za mbetula, gramu nne kila kitalu;
kumi na viwili nimevifunika nyasi kuukuu,
kumi na viwili nimevinyunyizia unga wa mifupa ya samaki,
kumi na viwili nimevitandikia sufu,
na kumi na viwili nimeviacha uchi, kwa ajili ya ulinganisho.

Jedwali halina safu ya kuandika
kwamba sufu ile ilitoka kwa Torfi,
sufu ya tumboni, yenye mavi, isiyo na mnunuzi,
aliyoipakia nyuma ya gari langu huku akicheka:
"Hallbera, wameula msitu,
na sasa unawaomba blanketi la kuufunikia?"

Wameula, kweli. Anajua, najua.
Wazee wake na wangu walitua Aisilandi na shoka,
na nyuma ya shoka, kondoo;
miaka elfu na ushei ya meno.
Kilichobaki ni mchanga mweusi unaotembea,
unaoingia kwenye mkate, kwenye kamera,
ndani ya kioo cha saa.

Watu hudhani adui wa mche ni baridi.
Baridi ni shangazi yake, wamelelewa nyumba moja.
Adui ni udongo ulio tupu,
unaoganda usiku na kuyeyuka mchana,
sindano za barafu zikausukuma mche juu, kidogo, kidogo,
kama ulimi unavyolisukuma jino la utotoni,
hata asubuhi moja unaukuta umelala juu ya mchanga,
mizizi nje, mzima kabisa.
Haukukatwa. Haukuliwa.
Umetolewa tu.

Oktoba niliihesabu iliyotolewa: mia tatu na kumi na tisa.
Vitalu vya sufu vilitoa kumi na mmoja.
Nilipiga magoti nianze kuirudisha kwa kidole,
nikakumbuka: mtafiti harudishi, mtafiti huandika.
Nikaandika.
(Mmoja niliurudisha. Kitalu cha tisa, pembe ya kaskazini.
Nimeuondoa kwenye hesabu.)

Mama kwenye simu: "Kwa nini usipande lupini?
Miaka mitatu tu, kilima chote zambarau."
Nikamwambia, mgeni wa siku mbili, ya tatu hupewa jembe;
huyu alikuja na jembe lake,
akalima ua, akalima sebule,
sasa analima chini ya kitanda cha mwenyeji.
"Lakini ni zuri," akasema.
Ni zuri, Mama. Hilo nalo sikuliandika.

Juni, ua wa seng'enge ukaanguka kwa upepo.
Kondoo wa Torfi wakaingia kama wenye hati ya shamba,
wakala nyasi kuukuu na vyote vilivyokuwa chini yake,
wakalamba unga wa mifupa hadi mchanga ukang'aa.
Kwenye sufu walinusa, wakapita.
Labda walijijua.
Profesa ameweka alama ya kuuliza pembeni:
haya ni matokeo au ni ajali?
Sijui, Profesa. Nimelala nalo swali hilo wiki mbili,
bado linanivuta shuka.

Torfi alikuja na nguzo sita na nyundo, bila salamu.
Alipomaliza akauliza iko wapi hiyo miti.
Nikamwonyesha. Hakuona.
Nikamwambia alale kifudifudi.
Mzee wa miaka sitini na minne, goti moja la chuma,
akashuka polepole, akilaani,
kidevu mchangani,
mbele ya mbetula mrefu kama njiti ya kiberiti,
majani mawili, kila moja ukucha wa mtoto mchanga.

"Huo ndio msitu?"
"Ndio huo."

Akanyamaza, pumzi yake ikiutikisa.
Akageuza uso upande ili asiupulize.
Kisha akavua kofia:
ilikuwa inauzibia jua.